Re: Elfu hamsini inatosha kuuzia korosho chuoni Mtwara?

Mkuu, inatosha, ila usinunue korosho ghafi ukabangue mwenyewe bwenini. Mafuta ya ganda yanababua ngozi. Chukua zilizobanguliwa na kumenywa, kilo 2 tu kwanza, na uzionje kabla ya kulipa: yenye harufu ya mafuta ya zamani, iache.

Tenga nzima na vipande, maana vipande huungua kabla nzima hazijaiva. Kila kilo, nyunyizia maji vijiko 2 vya chakula yaliyoyeyushwa chumvi kijiko 1 cha chai, acha zikauke, kisha kaanga kwenye sufuria zito, mkaa mdogo, ukikoroga bila kupumzika. Epua zikiwa bado rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Zinaendelea kuiva zikiwa nje ya moto. Hapo ndipo wengi huunguza.

Zipoe kabisa kabla ya kufunga. Ukifunga za moto, mvuke unabaki ndani, kesho zinatafunika kama viazi, na unyevu wa pwani yetu hausamehe. Kubania pakiti kwa mshumaa huvuja. Tafuta mashine ndogo ya kubania.

Pima gramu 50 kwa mizani. Kilo moja hesabu pakiti 19, si 20, kwa sababu ya upungufu jikoni. Jumlisha korosho, mkaa, chumvi na vifungashio, gawa kwa 19, ndipo upange bei.

Na kumkopesha mteja wa "nitakulipa bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) likitoka"? Usithubutu.