Umefika, Mbona Moyo Haujatulia? Majibu ya Barua Zenu

Barua za safari hii zimenikaa moyoni. Nimechagua sita, kutoka Buzuruga hapa Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, kwa sababu zote zinazunguka jambo moja: mtu apangeje lengo analoliweza, na akishalipata, kwa nini mara nyingine furaha haiji? Nimezifupisha, na majina sikuyaweka; kila barua inafuatwa na jibu langu.

Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kipo Buzuruga. Nilichukua pikipiki kwa mkataba: elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Mwezi uliopita nimemaliza, tajiri amenikabidhi kadi. Nilidhani siku hiyo nitarukaruka. Nikanywa chai, nikarudi kijiweni. Sasa nawaza bajaji tu. Nina tatizo gani?

Huna tatizo, mdogo wangu, na hongera sana. Ngoja nikupigie hesabu ambayo nahisi hujakaa ukaipiga. Wiki 52 mara 60,000 ni shilingi 3,120,000. Umezitoa kwa noti za elfu mbili na elfu tano, kwenye mvua na vumbi, siku nyingine abiria amekuambia "nitakulipa kesho" na kesho yake humwoni. Kazi hiyo ni kubwa, na inastahili kutajwa kwa tarakimu zake.

Sasa, kwa nini hukuruka? Moyo huzoea upesi. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, akiwemo Philip Brickman, walichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliokuwa wameshinda bahati nasibu, wakiwalinganisha na watu wa maeneo yaleyale ambao hawakushinda kitu. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi ya wenzao. Tena mambo madogo ya kila siku, kama kupiga soga na rafiki au kupata kifungua kinywa, yaliwapa raha kidogo kuliko yalivyowapa wale wengine. Ikiwa mamilioni ya ghafla huzoeleka, kadi ya pikipiki nayo itazoeleka.

Kwako kuna sababu ya pili, na hii ndiyo ninayoiona nzito zaidi. Siku uliyomaliza mkataba ilifanana na siku iliyotangulia. Uliamka alfajiri, ukabeba abiria, ukalala. Kilichobadilika ni kwamba ile elfu kumi ya tajiri imebaki mfukoni mwako, nayo inayeyukia kwenye vocha na chipsi kabla hujaiona. Ushindi wako upo, lakini hauna mahali pa kuonekana.

Kwa hiyo mwezi huu endelea kulipa. Jifanye tajiri bado yupo, kila jioni itoe ile elfu kumi na uiweke kwenye laini ya simu isiyo na kazi nyingine. Ukifanya kazi siku 26 utakuwa na 260,000. Humo toa tairi, cheni na oili, maana sasa kila kinachochakaa ni chako. Kiasi kidogo kitumie kwenda nyumbani kumwonyesha mama kadi hiyo, aishike mwenyewe. Usiende kwa haraka ya siku moja, lala huko.

Bajaji iache kwa miezi mitatu. Huenda ni wazo zuri, ila hivi sasa unaitaka ili izibe pengo, na mkataba mpya uliochukuliwa ili kuziba pengo utakurudisha palepale baada ya mwaka mwingine. Niandikie tena ukiwa na hesabu za miezi hiyo mitatu.

Dada, habari za kazi. Nauza dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa. Nataka kununua kiwanja, nikajiwekea elfu tano kila siku kwa mwaka mmoja. Mwezi wa kwanza niliweza siku 19, wa pili siku 18. Nikivuka siku nne tano bila kuweka, napata hasira, navunja kibubu na kuanza upya. Naona sina nidhamu.

Dada yangu, nimesoma barua yako mara tatu, na zile namba 19 na 18 zimenichekesha kwa furaha. Nimekulia kwenye nyumba ya dagaa, ng'ambo upande wa Sengerema. Mwezi ukiwa mkubwa tulijua jioni hiyo ni mchicha. Wewe wajua kuliko mimi: mtumbwi wa dagaa unawinda gizani, taa ndiyo inayowavuta. Mbalamwezi ikitanda ziwani taa haina nguvu, wavuvi wanashona nyavu na kulala, na mwaloni unapoa kwa siku kama kumi. Ukitoa hizo kumi kwenye mwezi, zinabaki ngapi? Zilezile ulizoweka. Nidhamu unayo. Kosa ni la lengo, ambalo limedai elfu tano siku ambazo dagaa hawapo.

Kodi ya nyumba inafuata kalenda ya ukutani, dagaa wanafuata kalenda ya angani. Pangia giza lako. Giza likianza, weka elfu saba kwa kila siku ya biashara. Siku 20 zitakupa 140,000, na mbalamwezi ikitoka kibubu kinapumzika pamoja na wavuvi, bila deni wala lawama. Kama elfu saba inakubana, baki na elfu tano, lakini ukubali ukweli wake: lile lengo lako la mwaka lilikuwa 1,825,000, na kwa siku 19 unapata 95,000 kila giza, kwa hiyo utafika baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Mwaka mmoja na nusu unaofikika ni bora kuliko mwaka mmoja wa kuvunja vibubu.

Kitu kingine. Masika dagaa hawakauki, wanaoza kwenye mchanga, na bei unaijua. Majuma hayo jipangie nusu tangu mapema, ukiwa bado una hela mkononi na akili imetulia. Na kibubu usikivunje kwa sababu umekosa siku nne. Zile 95,000 za mwezi wa kwanza zingekuwa bado zipo leo.

Shikamoo. Nina miaka 24, nimemaliza chuo hapa Nyegezi, sasa najitolea kwenye ofisi moja mjini. Nimebandika ukutani malengo 11 ya kutimiza kabla ya miaka 30: nyumba, gari, ndoa, shahada ya pili, kufika Dubai, na mengine. Kila nikiyasoma kifua kinabana.

Marahaba, mwanangu. Ibandue karatasi hiyo leo, kabla hujalala.

Kisha yapitie yote 11 kwa swali moja: ningelitaka hili hata kama hakuna mtu atakayeona picha yake? Naamini machache yatabaki. Ndoa iondoe kabisa kwenye orodha ya tarehe, kwa kuwa inamhitaji mtu mwingine mwenye hiari yake, na binti anayekimbizana na kalenda huweza kumkubali asiyemfaa. Katika yaliyobaki chukua moja, nalo ulifanye dogo na la wazi. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham wamechunguza malengo kwa miongo mingi na wakaona kwamba mtu mwenye lengo bayana na gumu hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa tu "jitahidi uwezavyo", mradi awe na uwezo nalo na awe amelikubali mwenyewe. "Kuwa na maisha mazuri" halina mlango wa kuingilia. "Kutuma maombi mawili ya kazi kila Ijumaa mpaka Desemba" linao, na kutuma kuko mikononi mwako hata kama kuajiriwa hakuko.

Mimi na mke wangu tunajenga Buswelu. Tulipanga mwaka mmoja, huu ni wa nne na tupo kwenye lenta. Kwenye msingi fundi alikutana na mwamba, laki nane ikaishia kupasua mawe. Kuna watu wa mikopo ya haraka wananifuata ili nipaue. Najisikia mwanaume aliyeshindwa.

Kaka, umejenga Mwanza halafu ukashangaa mwamba? Sikulaumu, wote tunashangaa, kila mtu huamini kiwanja chake ndicho chenye udongo. Hali hii imepimwa. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada, waliowauliza wangemaliza lini kuandika tasnifu zao. Kwa wastani walikisia siku 34. Wakaulizwa tena: na kila kitu kikienda vibaya kabisa? Wakasema siku 49. Walimaliza kwa siku 55 na ushee. Hata walipojaribu kuwaza mabaya, mabaya waliyoyawaza hayakutosha.

Tazama na daraja letu la ziwani, la Kigongo hadi Busisi. Wahandisi, mitambo na fedha za serikali vilikuwepo, ujenzi ukaanza 2020, nasi tulioishi kwa foleni ya kivuko tukahesabu miaka. Lilifunguliwa Juni 19, 2025. Leo tunavuka kilomita 3 kwa dakika chache na hakuna anayeliita daraja la walioshindwa.

Ulipokosea ni pale mlipokadiria mkiangalia ramani na mshahara. Ungewauliza majirani watatu wa Buswelu waliokwishahamia, kila mmoja alichukua miaka mingapi toka msingi hadi kulala ndani, ungepata jibu la kweli zaidi. Wafuate sasa, hujachelewa, kwa ajili ya hatua ya kupaua. Waulize mbao, bati na fundi viliwagharimu nini, kisha ongeza juu yake.

Mikopo hiyo ya haraka watu wameipa jina la kausha damu, na jina hilo limetoka kwa waliolia. Nimemwona ndugu yangu wa karibu akiuza boma zima ili kulipa mkopo aliouchukua kuliezeka. Nakuomba, kama mtu anavyomwomba ndugu yake, usiisaini.

Badala yake Jumapili hii mchukue mkeo mwende Buswelu na sato wa kukaanga na mkeka. Kaeni katikati ya sebule isiyo na paa, mle. Kuta za lenta nne pande zote ni zenu, zimelipiwa, hakuna anayedai. Katika miaka minne mmewahi kukaa humo bila kuhesabu tofali lililobaki? Mkimaliza kula ndipo mpange hatua inayofuata, kupaua peke yake, bila kutaja madirisha.

Kwaya yetu ilifanya mazoezi miezi minne kwa ajili ya mashindano. Tumekuwa wa pili kati ya kwaya tisa, na watu wamelia kama msibani. Mwaka jana tulikuwa wa tatu tukasherehekea! Mimi ni katibu, niwaambie nini?

Wapo wenzenu wengi. Mwaka 1995 Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walichapisha uchunguzi wa sura za washindi wa medali kwenye Olimpiki ya Barcelona ya 1992, wakaona waliopata shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Wa pili anatazama dhahabu iliyomponyoka; wa tatu anamtazama wa nne na kushukuru. Nanyi mmefanya hivyohivyo, mwaka jana mlitazama nyuma, mwaka huu mmetazama mbele.

Waambie walichofanya, tena kwa majina: sauti ya tatu iliyokuwa ikipotea sasa inasimama, wimbo mliokuwa mkiusoma kwenye karatasi sasa mnauimba kichwani. Wewe kama katibu unayo kumbukumbu ya mahudhurio, isome mbele yao. Na mwakani, kabla ya mazoezi ya kwanza, kubalianeni lengo lenu ni lipi lisilotegemea kalamu ya jaji. Mwanariadha wetu Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu aliipata Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Katikati kuna miaka 8 ya kuamka na kukimbia, na mtu hawezi kuamka miaka 8 kama kila mbio isiyo na dhahabu anaihesabu msiba.

Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Ukerewe. Watoto wamesoma, nyumba ipo, michungwa yangu inazaa. Wenzangu wananihimiza nianzishe mradi wa kuku wa kisasa, wanasema mtu bila lengo anakufa mapema. Sitaki kuku. Je, nimekata tamaa?

Shikamoo, mwalimu. Barua yako nimeiweka ya mwisho kwa sababu nilitaka wengine waliotangulia waisome.

Hujakata tamaa. Aliyekata tamaa hatazami michungwa yake na kuandika kwamba inazaa. Ulipanga, ukalipa ada, ukajenga, ukapanda miti ambayo ilikutaka uvumilie miaka kabla ya tunda la kwanza, na sasa umekaa kivulini. Hapo ndipo ulipokuwa unakwenda siku zote. Kama asubuhi unaamka ukiwa na hamu ya kitu, hata iwe chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na kama yupo wa kuongea naye, sina la kukusahihisha. Hamu hiyo ikikuisha kwa majuma mengi, hilo ni jambo jingine, mwambie mwanao akupeleke hospitali.

Wenzako wajibu kwamba kuku umewaachia wao, na mayai utanunua kwao. Mimi msimu wa machungwa ukifika nitapanda meli ya Nansio, unitunzie debe moja.