Kwa nini kabamazepini ya kifafa hupewa mwenye maumivu ya uso

Mkuu, umeuliza kwa nini mama yako, anayepigwa kama shoti ya umeme usoni kila akipiga mswaki, amepewa kabamazepini ilhali hana kifafa. Magonjwa ni mawili, mlango unaozibwa ni uleule: unaoingiza sodiamu kwenye seli ya neva ili irushe ishara. Dawa hii hushika zaidi milango inayofunguka mfululizo, hivyo neva iliyochachamaa hutulizwa huku iliyo shwari ikiendelea na kazi. Panadol haisaidii maumivu ya namna hii.

Huanza na miligramu 100 mara mbili kwa siku, kisha hupandishwa taratibu, kikomo 1,200 kwa siku. Ndani ya wiki 3 hadi 5 ini huzoea kuivunja haraka na maumivu yanaweza kurudi. Asijiongezee, daktari ndiye apange. Akiona upele, homa au vidonda mdomoni, aende hospitali siku hiyohiyo.

Na tafadhali sana: kama anatumia ARV zenye dolutegraviri, aseme mapema. Kabamazepini huishusha kwenye damu, hivyo dolutegraviri huhitajika miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.