Kwa nyinyi mliojiunga juzi na kikundi chetu cha waandishi: kusoma, kunyamaza na kuhakiki

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alitusomea hadithi yake ya kurasa tatu, vizuri tu. Alipomaliza akatumia muda mrefu kuliko ule wa kusoma kutueleza tulichopaswa kuelewa. Wageni wenzake wakawa wanatikisa vichwa, kila mmoja akingoja zamu yake afanye vivyo hivyo. Nilikunywa chai yangu kimya. Leo sinyamazi.

1. Ukimaliza kusoma, funga mdomo. Kanuni mnaijua: mwandishi hasemi mpaka kila aliye mezani aseme lake. Mnaijua, na hamuifuati. "Lakini haya yalitokea kweli, hata mjomba wangu ni shahidi!" Sawa, mjomba yupo, hadithi ndiyo haijamleta. Mswada ukienda kwa mhariri huendi nao ndani ya bahasha kumfafanulia. Andika wanayosema, hata ya kipuuzi. Ukifika nyumbani huenda ukakuta lile la kipuuzi limesemwa na watu watatu.

2. Usitangulize udhuru. "Nimeiandika jana usiku tu, msinicheke." Tutacheka.

3. "Nzuri sana, hongera, kaza uzi" si uhakiki. Taja mstari ulipoanza kuchungulia simu.

4. Msisahihishe lugha ya mtu kabla hamjajua anaandika Kiswahili gani. Hapa nina deni la kulipa. Nilijiunga nikitoka bara, nina A yangu ya Kiswahili ya kidato cha nne na kalamu nyekundu. Mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, akaleta tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya kumlilia ndugu yake. Mimi nikaisafisha. Kila "ndia" ikawa "njia", kila "nti" ikawa "nchi". Kulikuwa na mshororo huu:

Chozi lanijaa mato, kwa yale niyakumbuka

"Mato" nikaikata, nikaweka "macho". Mishororo mingine ya ubeti ule ilitua katikati kwa moto, mapito, uzito. Niliporudia kusoma nikaona ubeti unayumba, na pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: KINA CHA KATI KIMEVUNJIKA. Nikapiga mstari chini yake, nikaongeza wa pili. Zamu yangu ilipofika nikatoa mhadhara. Nilitaja mizani, nikataja urari, nadhani nilifika hata kwenye nidhamu. Mzee, kwa kuwa aliiheshimu kanuni inayowashinda nyinyi, alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akaivuta ile karatasi, akavaa miwani, akaisoma taratibu. "Mwanangu," akaniambia, "kina hiki umekivunda wewe." Wala hakukasirika. Laiti angekasirika! Dada mmoja aliyeketi kona ya meza akauliza kama Muyaka bin Haji, malenga wa kale wa Mombasa, naye nitamsahihisha, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Kicheko kilipita. Kilichobaki kunitafuna ni kwamba mtu alileta msiba wake, mimi nikauwekea maksi. Sikumwambia hata pole. Jina la marehemu lilikuwa katika ubeti wa mwisho na sikuliona, nilikuwa nawinda makosa. Na haya nayafanya Mombasa, mji ule ule ulioandaa mkutano wa 1928 uliokichagua Kiunguja, si Kimvita cha wenyeji, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu! Wenyeji hawajalisahau hilo, na siwalaumu. Mzee aliendelea kuja, na kila akitunga alinipa mimi kwanza, "mwalimu wa vina", mbele ya watu. Jina hilo ninalo mpaka leo.

Kama hujui neno ni lahaja au ni kosa, uliza: "Hili umelikusudia?" Basi.

5. Shairi huru lihakikiwe kama shairi huru. Ugomvi wa guni, yaani shairi lisilofuata vina na mizani, ulipamba moto miaka ya 1970, wakubwa wetu wakarushiana maneno magazetini na vitabuni. Hamtaumaliza nyinyi kati ya alasiri na magharibi. Mwenye kiu ya arudhi akasome sheria za kutunga mashairi alizotoa Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, halafu arudi na shairi, asirudi na rungu. Tulikuwa na mwenzetu hapa aliyehesabu kwa vidole mizani ya kila kinachosomwa, hadi siku moja akahesabu ya barua ya mwaliko. Tulimpenda sana, lakini mwishowe tulimwomba aweke mikono chini ya meza.

6. Usiiandike upya hadithi ya mwenzako. "Mimi huyo shangazi ningemuua mapema." Haya, tunga yako, umuue.

7. Kazi itumwe Alhamisi, si Jumamosi ukiwa ndani ya matatu. Kurasa ziwe na namba na mistari iachiwe nafasi ya kuandika. Riwaya huletwa sura moja moja. Yule aliyetutumia mswada mzima na ujumbe "naomba maoni kufikia kesho" bado anasubiri.

Na kuna wanaokuja kila wiki kuchambua kazi za watu bila wao kuleta hata ukurasa mmoja. Tunawajua. Jumamosi ijayo tunaanza na nyinyi.