Maswali ya Wasomaji: Gari Linalozima Likipata Joto

SWALI: Bwana Fundi, salamu nyingi. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1994 yenye injini ya 5A na gia za mkono. Asubuhi huwaka mara moja bila taabu, lakini nikikwama mchana katika msongamano wa Jogoo Road, injini huzima ghafla na haiwaki tena hadi ipoe kwa karibu nusu saa, ingawa stata huzungusha kwa nguvu. Nimekwisha kubadilisha plagi, kichujio na pampu ya petroli, na sasa fundi ananiambia ninunue kompyuta ya injini. Je, nimsikilize? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Ndugu yangu, kompyuta isubiri. Vipuri vyote ulivyolipia vilibadilishwa kwa kubahatisha, kwa sababu hakuna aliyelichunguza gari likiwa limegoma. Linafika gereji limepoa, linawaka vizuri, na hapo kila mtu huanza kukisia. Injini ya petroli inayogoma kwa muda ilhali stata inaizungusha barabara, kwa kawaida imekosa kimoja kati ya viwili, cheche au petroli, na kinachokosekana chaweza kujulikana papo hapo kando ya barabara ukiwa na plagi moja ya akiba na koleo lenye mpini wa mpira.

Tuanze na namna linavyozima. Injini inayokosa petroli huaga kwanza: hukohoa, hupungukiwa nguvu, ukikanyaga mafuta haiitikii, ndipo inapozima. Inayokosa cheche hukatika kama redio iliyochomolewa waya. Kwa kuwa umeandika kwamba yako huzima ghafla, ninashuku upande wa cheche. Iwapo dashibodi yako ina mshale wa mizunguko ya injini, utazame gari likizima huku bado linabingirika kwenye gia: mshale ukianguka hadi sufuri ilhali magurudumu yangali yanaizungusha injini, umeme wa kuwasha ndio uliokatika.

Litakapogoma tena, lisogezeni kando ya barabara, chomoa waya wa plagi moja, uuchomeke kwenye plagi ya akiba, kisha uibane plagi hiyo kwa koleo huku chuma chake kikigusa chuma kitupu cha injini, mbali na mipira ya petroli. Mwenzako azungushe stata kwa sekunde chache tu. Usiishike kwa vidole, kwa maana volti zinazofika hapo ni zaidi ya 10,000. Cheche ya buluu inayoruka kwa mlio inaonyesha kwamba umeme upo. Ikiwa ya manjano na dhaifu, au isipoonekana kabisa, umekwisha kujua pa kutafuta.

Katika Corolla nyingi za umri wa yako, koili, inayokuza volti za betri ziweze kuruka cheche, imefichwa ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawia plagi umeme huo, nayo imefungwa kwenye kichwa cha injini, mahali penye joto jingi. Ndani ya koili mna maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi. Miaka ikipita vanishi hupasuka na waya huchoka. Joto linapoutanua, umeme huvuja au hukatika, na ukipoa hurudi mahali pake na gari huwaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Nusu saa yako inaelezeka hivyo. Moduli inayokata na kurudisha umeme wa koili nayo huugua vivyo hivyo. Ukitaka kuthibitisha ukiwa nyumbani, acha injini iungurume na uipulizie distribyuta hewa moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Ikizima, umempata mwizi.

Kuna ushahidi mwingine ambao huenda fundi wako aliufuta bila kujua. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi itamulika kwa namba: mara moja, kituo kifupi, kisha mara nne, ni 14, yaani kompyuta haikupata ishara kwamba cheche imepigwa. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, ambayo ikidanganya kwamba injini ni baridi humwaga petroli nyingi mno, na plagi hutoka zimelowa. Kumbukumbu hizo hufutika betri inapochomolewa. Kwa hiyo zisomwe kwanza.

Wapo watakaokuambia kwamba petroli inachemka kwa sababu Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kwa gari la kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, hoja hiyo ina uzito. Kwako petroli inasukumwa kwa shinikizo na ile inayobaki hurudi kwenye tanki, kwa hiyo nisingeanzia hapo.

Distribyuta iliyotumika utaipata Kirinyaga Road, ila kumbuka kwamba huenda ina umri sawa na yako. Heri koili mpya peke yake ikipatikana. Kabla ya kulegeza boliti, mwambie fundi atie alama mahali distribyuta ilipokaa, kisha apime taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa, kwa taa, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa: iwe nyuzi 10.

SWALI: Pikapu yangu ya zamani ya kabureta husumbua kuwaka asubuhi za Julai, na ikiwaka huzima nikiondoa mguu. Tatizo ni betri? (Msomaji, Kikuyu)

JIBU: Mama, kama stata inazungusha haraka, betri haina kosa. Ondoa kifuniko cha kichujio cha hewa, uvute choki, na utazame kooni mwa kabureta: kile kibati cha juu kinapaswa kufunga karibu kabisa. Mara nyingi waya wake umelegea au umeshika kutu, na mafuta ya kulainisha pamoja na kukaza skrubu moja hutosha. Kikifunga vizuri, bana kwa vidole mipira midogo inayoingia kwenye manifoldi, yaani bomba linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini, mmoja baada ya mwingine, injini ikiunguruma. Ule ambao ukiubana mngurumo unatulia unavuja hewa, ubadilishwe.