Barua kwa mwanangu: nishani za stoka wa nyambizi

Mwanangu Zuhura,

Umeuliza kwa nini nishani tano za babu yake mumeo, stoka (baharia wa chumba cha injini) wa nyambizi za Uingereza katika Vita vya Pili, hazina jina isipokuwa moja, na mtajuaje alihudumu wapi.

Nyota za vita vile, yaani nishani za umbo la nyota, na Nishani ya Vita ya 1939–45, zilitolewa bila jina. Peke yake nyota haithibitishi kitu, kwani hata mnadani inauzwa. Ile ya fedha ni DSM (Distinguished Service Medal), ya ushujaa wa mabaharia wasio maofisa. Igeuze kwenye mwanga, usome ukingoni kwa lenzi. Tafadhali msiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arisha, herufi zinalika! Tafuteni namba inayoanza na P/KX, D/KX au C/KX. Herufi ya kwanza ni bandari yake: Portsmouth, Devonport au Chatham. K ni stoka, X ni utaratibu wa mishahara wa 1925. MX si stoka: humo wamo mafundi mitambo, wapishi na wauguzi.

Kisha cheti chake cha utumishi. Hapa wengi hupotea, maana badala ya nyambizi wanakuta Dolphin, Medway au Talbot, wakadhani hakuwahi kupiga mbizi. Dolphin ilikuwa kambi ya nyambizi ya Gosport, Uingereza. Talbot kilikuwa kituo cha nyambizi cha Malta. Medway ilikuwa meli mama ya nyambizi kule Alexandria, ikazamishwa 30 Juni 1942. Nyambizi yenyewe mara nyingi imeandikwa pembeni, kwenye mabano. Mkiipata, chukueni tarehe mkazilinganishe na daftari za safari, fungu la ADM 173, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London.

Nyota ya Afrika inamweka Mediterania kati ya 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943. Usidhani ni ya kwetu Kilindini, ingawa manowari za Uingereza zilihamia huko 1942. Upande huu zilihesabiwa kampeni za Abisinia, Somalia na Eritrea tu, mwisho 27 Novemba 1941.

Gazeti la serikali lililotangaza nishani liliwapa wengi mstari mmoja tu, nao haulingani na kazi yao. King'ora cha kuzama kikilia, stoka na wenzake wanakata mafuta, wanaachia klachi, wanafunga valvu za moshi na hewa, mota za betri zinashika. Valvu ya hewa ikifungwa injini ingali inazunguka, dizeli inafyonza hewa ya ndani na masikio yanauma. Ikibaki wazi, bahari inaingia: Squalus ya Marekani ilizama hivyo 23 Mei 1939, wakafa watu 26. Maji ya chumvi yakifika kwenye betri hutoka klorini, sumu.

Beji ya pomboo mliyoikuta humo si ya vita. Ilianza miaka ya 1970. Msiishone na nishani. Mkizipanga, DSM itangulie, ifuate Nyota ya 1939–45, ya Atlantiki, ya Afrika, kisha Nishani ya Vita.

Mama yako