Jibu: Huawei walipata wapi chipu ya Mate 60 Pro?

Habari mkuu, umekwama kwamba Marekani iliwafungia 2019, sasa chipu ya simu yao ya Mate 60 Pro ya 2023 imetoka wapi. Anza kuangalia nani kaitengeneza, sio nani kaichora. Kuchora walikuwa wanajua siku nyingi, kiwanda cha chipu cha TSMC cha Taiwan ndo kilikuwa kinawazalishia, kikaacha Septemba 2020. Hapo wakabanwa kwelikweli mpaka wakauza Honor, brand yao nyingine ya simu. Kirin 9000S, ndo hiyo chipu ya Mate 60 Pro, ikaja kuzalishwa na kiwanda cha SMIC cha hukohuko China, kwa teknolojia ya nanomita 7 (namba ikiwa ndogo ndo chipu ya kisasa zaidi), bila zile mashine mpya za EUV za kuchapa chipu kwa mwanga, ambazo China haiuziwi, wanatumia za zamani wanapitisha mwanga mara nyingi kwenye layer moja, gharama inapanda na mali inayoharibika inakuwa nyingi ila chipu inatoka.

Hela nayo usiisahau, 2023 utafiti pekee wa Huawei ulikula yuan bilioni 164.7, karibu robo ya mapato!

Kuhusu kuinunua, mi natumia Huawei isiyo na Google, APK (mafaili ya app za Android) naweka mwenyewe fresh tu. Ila muulize muuzaji system kwanza, ikiwa HarmonyOS NEXT, system mpya ya Huawei wenyewe, app za Android haiziweki kama tulivyozoea.