Sikupanda treni ya usiku ili nilale

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, treni ya usiku yenye vitanda ina raha kama inavyosifiwa, au sifa hizo ni za watu wasiowahi kuipanda? Mimi nimeipanda mara nyingi, vyumba vya watu sita na vya watu wawili, na jibu langu ni kwamba raha ipo, na ni kubwa, ila haipo pale wanapoiweka watangazaji. Wao wanauza usingizi. Picha ni ileile kila mara: shuka jeupe, taa ndogo ya kusomea, mtu anafumba macho katika mji mmoja na kuyafumbua katika mwingine. Msomaji anayekata tiketi kwa ajili ya usingizi huo atashuka asubuhi akiwa na macho mekundu na kuapa kwamba harudii tena.

Behewa halilali. Ukipewa kitanda kilicho mwishoni mwa behewa, magurudumu yako chini yako, mlango na choo viko jirani, na kila anayepita anapita kichwani kwako. Katikati ya behewa kuna nafuu. Kitanda cha chini kinapata ngurumo ya reli, cha juu kinapata joto lote la chumba, na dari iko karibu kiasi kwamba huwezi kuketi wima. Katika mabehewa mengi ya vyumba kitanda kimelazwa kukatiza mwelekeo wa safari, kwa hiyo dereva akishika breki unabingirika kuelekea ukutani au kuelekea ukingoni. Kwenye mabehewa ambayo kitanda kinafuata mwelekeo wa reli, breki inakusukuma kichwani au miguuni. Hakuna mlalo ulio salama na breki.

Lakini mtikisiko wenyewe si adui mkubwa. Mwili unauzoea baada ya saa moja hivi, na kuna watu unaowabembeleza kama mtoto mgongoni. Kinachokuamsha ni kusimama. Treni inapunguza mwendo, kelele zote zinakatika kwa pamoja, na katika ukimya ule unasikia mtu akikohoa chumba cha pili na viatu vikitembea kwenye kokoto nje. Hapo macho yanakuwa makavu kabisa.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba mtu anapolala mahali pageni usiku wa kwanza, upande wa kushoto wa ubongo haulali fofofo kama mwenzake, bali unabaki chonjo ukisikiliza. Nilipolisoma hilo nilielewa miaka yangu yote ya kulala usingizi wa mang'amung'amu njiani. Ndani ya treni kila dakika kumi ni mahali pageni.

Halafu kuna wenzako wa chumbani. Katika vyumba vya vitanda vitatu kila upande, kitanda cha kati mara nyingi ndicho mgongo wa kiti mchana. Kikikunjuliwa, aliye chini hawezi tena kuketi vizuri, kwa hiyo mmoja akitaka kulala mapema, wote wanalazimika kulala. Jambo hili linaonekana dogo mpaka likukute. Reli za India zimeliwekea kanuni: kitanda cha kati kinakunjuliwa saa nne usiku na kurudishwa saa kumi na mbili asubuhi, na katikati ya saa hizo mwenye kitanda cha chini hana haki ya kukatalia kuketi. Naipenda kanuni hiyo, kwa sababu imeandikwa na mtu aliyewahi kuona watu wazima wakigombana juu ya kipande cha ubao chenye godoro.

Sasa raha yenyewe iko wapi?

Nitawasimulia usiku mmoja. Nilikuwa kitanda cha juu, chumba cha watu sita, na kituo changu kilikuwa saa kumi na dakika kumi alfajiri. Hiyo ni saa mbaya kuliko zote. Ukilala utapitilizwa, usipolala utashuka ukiwa nusu maiti. Ilipofika usiku wa manane nilikuwa bado natazama dari. Nikashuka ngazi taratibu, nikatoka kwenye ujia. Mwishoni mwa behewa alikuwa ameketi mhudumu, bwana wa makamo, kwenye kile kiti cha kukunja kinachochomoka ukutani. Juu ya goti lake kulikuwa na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula: namba za vitanda upande huu, vituo na saa upande ule. Tiketi zetu zote alikuwa nazo kwenye pochi ya mifuko mifuko, kila kitanda na mfuko wake. Alinitazama, akateremsha kidole kwenye karatasi hadi kwenye mstari wangu. Ulikuwa umepigwa msitari wa pili kwa kalamu nyekundu.

"Wewe ni saa kumi na kumi," akasema. "Nenda kalale. Mimi nipo."

Nikarudi, nikalala. Nililala kama saa mbili tu, lakini zilikuwa saa mbili za usingizi wa kweli, ule ambao ubongo wote unakubali kuzima. Siku hiyo nilijua ninachokifuata kwenye treni hizi. Ni lile neno "mimi nipo". Mtu mzima hulindwa mara ngapi akiwa amelala? Utotoni ulilala kwenye kiti ukaamkia kitandani, na hukuuliza nani alikubeba. Ukubwani mlango unaufunga mwenyewe na saa ya kukuamsha unaitega mwenyewe. Ndani ya treni ya usiku mtu usiyemjua yuko macho kwenye kichwa cha treni, mwingine kwenye chumba cha ishara, mwingine kwenye ujia, na wewe umelala chali huku ukivuka mito usiyoiona.

Ndiyo maana siwezi kuisifia raha hiyo bila kumtaja anayeilipia kwa macho yake. Marekani, kuanzia miaka ya 1860, George Pullman alijenga mabehewa ya kulala yaliyopata jina dunia nzima, na kazi ya kuhudumia abiria akawapa wanaume weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani juzi tu. Walitandika vitanda, walibeba mizigo, walipiga viatu rangi usiku abiria wakiwa wamelala, na waliwaamsha watu vituoni. Abiria wengi hawakuuliza majina yao. Waliwaita wote George, kwa jina la tajiri wao, kama watumwa walivyoitwa kwa majina ya mabwana zao. Walitakiwa kufanya kazi kama saa 400 kwa mwezi. Mwaka 1925 waliunda chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph, wakapambana miaka 12, na mwaka 1937 kampuni ikasaini mkataba uliozishusha saa hizo hadi 240. Kila ninapoona kiti kile cha kukunja mwishoni mwa ujia nawakumbuka. Usingizi wa abiria umejengwa juu ya kukesha kwa mtu, na mtu huyo anastahili mshahara, zamu inayobebeka na kuitwa kwa jina lake.

Mabehewa ya Pullman yalikuwa na vitanda vya wazi vilivyofungwa kwa mapazia tu. Mbelgiji Georges Nagelmackers aliyaona mwishoni mwa miaka ya 1860 alipozuru Marekani, akarudi Ulaya na wazo la kutumia vyumba vyenye milango. Kampuni yake ndiyo iliyoanzisha Orient Express mwaka 1883. Ubishi wa pazia au mlango haujaisha mpaka leo. Urusi bado ina mabehewa ya vitanda 54 yasiyo na milango kabisa, unaona miguu ya wenzako yote imechomoza kwenye ujia. Na mwaka 2023 reli za Austria zilianza kutumia mabehewa mapya yenye vijumba vya mtu mmoja mmoja, kama kabati lenye godoro, unafunga mlango wako na humwoni mtu hadi asubuhi.

Mimi ni mtu wa chumba cha watu sita, lakini siwezi kuvibeza vijumba hivyo. Mwanamke anayesafiri peke yake ana sababu nzito ya kutaka kufuli kati yake na wanaume watano asiowajua, na pale ambapo pana vyumba vya wanawake watupu huwa vinawahi kujaa. Anayesifu ukarimu wa wageni ndani ya treni, na mimi nikiwemo, aseme pia kwamba si kila mtu anaupata kwa kiwango kimoja.

Na ucheleweshaji je? Huo upo, na unauma. Usiku mmoja tulisimama porini zaidi ya saa tatu. Taa za chumba zilizimwa, kiyoyozi kikanyamaza, na hakuna aliyekuja kutuambia neno. Kampuni ile siitaji, ila nilikosa treni ya kuunganisha asubuhi, na kwa kuwa ile ya pili ilikuwa ya kampuni nyingine, tiketi yangu ikawa karatasi tu. Baadaye nilikuja kujua usiku ni saa ya nani relini. Ni saa ya treni za mizigo, na ni saa ya mafundi kung'oa mataruma na kubadilisha reli, kwa sababu mchana hakuna nafasi. Treni ya vitanda inajipenyeza katikati yao. Mara nyingine hata ratiba yake imeandikwa makusudi iwe ya kujikokota, ili isikufikishe saa tisa usiku.

Bei nayo ina sababu yake. Behewa la viti linaweza kuchukua watu 80. Likiwa la vitanda sita sita linachukua kama 60, na la vitanda vitatu vitatu kama 36. Kiti mchana kinaweza kuuzwa mara tatu kwa siku. Kitanda kinauzwa mara moja tu kwa usiku, kisha behewa linalala stesheni mchana kutwa likingoja kufuliwa shuka. Ndege za bei nafuu na treni za mwendo kasi zilipokuja, hesabu hiyo iliziua treni nyingi za vitanda. Ujerumani iliachana na treni zake za vitanda Desemba 2016, na Austria ikazichukua baadhi yake. Ufaransa ilibakiwa na chache sana, kisha mwaka 2021 ikairudisha ile ya Paris hadi Nice. Japani, iliyowahi kuwa na treni za vitanda kila upande, imebaki na moja tu ya ratiba ya kila siku, inayotoka Tokyo na kugawanyika vipande viwili alfajiri huko Okayama, kila kipande na njia yake. Nasema hivi kwa uchungu: kitu kinachobeba mtu kilomita 1,000 usiku bila kumpandisha angani kisiachwe kife kwa sababu ya hesabu ya vitanda, hasa sasa ambapo kila serikali inaahidi kupunguza moshi.

Tena hakuna chombo kingine kinachokufanya uujue umbali kwa mwili wako. Ndege inaufuta. Basi linakuchosha nao. Treni ya usiku inakulaza juu yake. Huko Brest, kwenye mpaka wa Belarusi na Poland, upana wa reli unabadilika kutoka milimita 1,520 hadi 1,435, na kwa miaka mingi mabehewa yalikuwa yakiinuliwa kwa jeki abiria wakiwa vitandani, magurudumu yakatolewa na mengine yakasukumwa chini yao. Katika mlangobahari wa Messina, Italia, treni inakatwa vipande na kuingizwa ndani ya meli ili ivuke kwenda Sisilia. Unaweza kuamka ukasikia kwamba mtikisiko umebadilika, umekuwa wa maji. Na kati ya Moscow na Vladivostok, kilomita 9,289, mtu analala kitanda kilekile karibu wiki nzima huku saa za ukutani zikimkimbia.

Kwa anayetaka kujaribu mara ya kwanza: omba kitanda cha katikati ya behewa, beba vya kuziba masikio, nguo ya kulalia iwe ile unayoweza kutoka nayo nje bila aibu, na usipange miadi asubuhi ile. Mengine utajifunza.

Nirudi kwa mhudumu wangu. Saa kumi kasoro dakika kumi hakugonga mlango. Aliufungua kiasi cha mkono kupita, akaminya kidole gumba cha mguu wangu mara mbili, juu ya blanketi, na kuondoka. Wale watano hawakugeuka hata. Nilivaa viatu gizani, nikashusha begi, nikamkuta mlangoni na tiketi yangu mkononi. Nje kulikuwa na ukungu na taa moja. Nilishuka, treni ikasimama kama dakika mbili, kisha ikaanza kuondoka polepole kiasi kwamba niliweza kutembea sambamba nayo. Dirisha la chumba chetu lilinipita pazia likiwa limeshushwa. Mlango wa mwisho wa behewa ulikuwa bado wazi, naye amesimama pale na karatasi yake kwenye mwanga, kidole kikiteremka kutafuta mstari unaofuata.